Chumba cha kusomea uuguzi kinaanzia mlangoni, si mezani

Wadogo zetu mnaoanza uuguzi hapa Tanga, kila muhula mpya chumba ni kilekile, kiwe Ngamiani, Makorora au Mikanjuni. Meza mpya imesogezwa dirishani, kalamu za rangi zimepangwa, ukutani kuna ratiba yenye mwandiko wa kupendeza. Yunifomu iliyotoka wodini imetundikwa mgongoni mwa kiti. Stetoskopu iko juu ya mto. Na ndani ya kopo la kalamu, katikati ya penseli na rula, kuna bomba na sindano yake, eti la mazoezi. Tunawapenda, na ndiyo maana tunakasirika.

Anayesomea sheria au uhasibu akirudi nyumbani harudi na kitu ila madaftari. Ninyi mnarudi na wodi. Mikono, viatu, begi, simu na nguo vimepita kwenye vidonda, makohozi na mashuka ya wagonjwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza meza ikae wapi, amueni uchafu wa wodi unaishia wapi.

Kwanza, basi, mlango. Hata chumba kiwe kimoja cha kupanga, futi kumi kwa kumi, tengeni nusu mita karibu na mlango iwe ya vitu vya kazini. Hapo viko viatu vya wodi na misumari miwili ya kutundikia, mmoja wa begi na mmoja wa koti. Pawe na ndoo yenye mfuniko ya yunifomu chafu. Ukiingia, vua viatu, weka yunifomu kwenye ndoo, nawa mikono kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, halafu ndipo uguse daftari. Yunifomu ifuliwe peke yake, isichanganywe na kanga za wenzako wa nyumba, ianikwe juani hadi ikauke kabisa kisha ipigwe pasi ya moto. Simu na stetoskopu futeni kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 na mviache vikauke vyenyewe. Msiviloweke kwenye klorini. Wapo wanaofundishwa kuchanganya klorini ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, wapate ile ya asilimia 0.5, halafu wanafika nyumbani na kutumbukiza kila kitu humo. Mchanganyiko ule ni wa damu iliyomwagika na vifaa vinavyouvumilia. Unakula chuma, unapausha nguo, na kichwa cha stetoskopu hakirudi kuwa kilivyokuwa.

Pili, lile kopo la kalamu. Hapa tutakaa, kwa sababu kosa hili halikomi na maelezo yake kila mwaka ni yaleyale: "Sindano ni mpya, haijatumika." Ni mpya mpaka jioni ile rafiki anapokuja, mnaamua kufanya mazoezi ya kuweka kanula (mrija mwembamba unaoachwa mshipani), mmoja ananyoosha mkono na mwingine anachoma. Mshipa haukupatikana, mnajaribu tena na sindano ileile. Mnabadilishana zamu, na kwa kuwa imebaki moja tu, ndiyo hiyo hiyo. Kisha mnarudisha kifuniko kwa mikono miwili, jambo ambalo asubuhi mliandika kwenye daftari kuwa ni marufuku, na hapo ndipo kidole kinachomwa.

Sasa tazameni hesabu. Sindano yenye damu ya mtu mwenye homa ya ini aina ya B, ikimchoma ambaye hajachanjwa, uwezekano wa kumwambukiza unafika asilimia 6 hadi 30. Aina ya C ni kati ya asilimia 0.2 na 1.8. Virusi vya Ukimwi ni karibu asilimia 0.3. Wengi wenu mnaogopa Ukimwi peke yake na mnasahau ini, wakati chanjo ya homa ya ini B ipo, dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Anayeanza wodi bila hata dozi ya kwanza ametanguliza yunifomu akasahau kinga. Na kirusi kile hakifi upesi, kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 na bado kikaambukiza. Ndiyo kusema tone dogo ndani ya kopo la kalamu leo ni hatari hata Ijumaa ijayo.

Halafu inaenda wapi? Hilo ndilo linaloumiza zaidi. Wodini kuna boksi la usalama, linafungwa likijaa robo tatu, linapelekwa kuchomwa. Nyumbani kuna mfuko wa rambo. Sindano inatoboa mfuko, na anayetoka nao uani asubuhi ni mtoto aliyetumwa na mama yake, pekupeku. Wengine hujiona werevu, wanaitupa chooni. Shimo likija kunyonywa, anayeingiza mpira na kuondoa taka zilizokwama ni binadamu mwenye mikono. Mwanafunzi mwenyewe kwa wakati huo yuko darasani anafundishwa usalama wa mgonjwa.

Sheria basi ni fupi: sindano haivuki geti la hospitali wala mlango wa maabara ya vitendo, iwe mpya, iwe imefungwa. Mkono wa bandia upo maabara pamoja na mwalimu, mazoezi ya kuchoma yaishie huko. Nyumbani fanyeni kila kitu isipokuwa ncha. Bomba tupu lisilo na sindano na kikombe cha maji vinatosha kukufundisha kusoma mistari: kwenye bomba la ml 2 mstari mdogo huwa ni ml 0.1, kwenye la ml 5 huwa ni ml 0.2, na wengi hukosea dozi kwa sababu wanahesabu mistari ya bomba moja kwa mazoea ya lingine. La insulini ni somo lake, yuniti 100 ndiyo ml 1, na halibadilishwi na bomba la kawaida hata siku moja.

Na aliyekwisha kuchomwa asikae nalo kwa aibu. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usinyonye, usimwagie klorini. Toa taarifa saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza mapema kadiri iwezekanavyo, ndani ya saa chache za mwanzo, na baada ya saa 72 hazianzishwi tena. Humezwa siku 28 bila kuruka. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayejali kwamba ulivunja sheria kuliko anavyojali saa zinazopita. Wakali tutakuwa, lakini kesho yake.

Tatu, meza. Kimo sentimita 72 hadi 75, upana wa kuingia ndani usipungue 60, urefu mita moja. Msinunue ile ya bodi ya unga wa mbao kwa sababu inang'aa. Unyevu wa bahari unaipenyeza pembeni, inavimba, na masika yakipita droo haifungi. Fundi akutengenezee ya mbao, paina au sipresi ya kutoka Lushoto inafaa sana, aunge kwa skurubu badala ya misumari mitupu kwa maana chumvi ya hewa hii inaila misumari, na apake vanishi hadi chini ya ubao, si juu tu. Kiti cha plastiki si dhambi. Kimo chake kikikuacha na viwiko chini ya meza, ongeza mto mgumu. Miguu ikining'inia, weka ubao chini. Kitandani msisomee. Mwili unaolala ndani ya chandarua kila usiku ukiingia humo na kitabu cha fiziolojia utafuata mazoea yake.

Nne, mwanga na umeme. Anayeandika kwa mkono wa kulia mwanga umtokee kushoto, wa kushoto umtokee kulia, la sivyo kivuli cha mkono kinafunika mstari. Meza iwe ubavuni mwa dirisha. Ukilikabili, jua linakuchoma macho, ukilipa mgongo unajitia kivuli mwenyewe. Kwa nyumba zenye Luku ya pamoja, jifunzeni kuhesabu kabla ya kugombana. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 4 kila usiku kwa siku 30 inakula yuniti moja na kidogo tu. Feni ya wati 55 kwa saa 8 kila usiku ni kama yuniti 13. Hita ya kuchemshia maji ya wati 1500 kwa nusu saa kila siku ni zaidi ya 22. Mpangaji akisema taa yako ya kusomea ndiyo inayomaliza umeme, mwonyeshe karatasi kwa adabu. Umeme ukikatika, taa ya kuchaji iliyojazwa mchana iokoe usiku. Mshumaa karibu na chandarua na madaftari hapana.

Unyevu nao una madai yake. Rafu ya vitabu ikae sentimita tano mbali na ukuta na isiguse sakafu, maana boksi la vitabu lililoachwa chini ni karamu ya mchwa, na kitabu kilichobanwa ukutani huota ukungu. Kuta za chokaa hazishiki selotepu: funga kamba ukutani, tundika chati kwa vibanio vya nguo. Mashine ya presha ya betri, toa betri wiki usiyoitumia. Ya mshale, angalia kama unarudi kwenye sifuri kabla ya kuamini vipimo vyake. Mkiuziwa ya zebaki kwa bei ya kutupa, iacheni: mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje ya nchi vipima presha na vipima joto vya zebaki, na mrija ukipasuka ndani ya chumba unacholala, mvuke wake unakaa humo nawe.

Tano, na hili wanaolifanya ni wachache mno: acheni sakafu. Mita mbili kwa moja na nusu, tupu, mbele ya kitanda. Uuguzi haufanyiki umekaa. Mtihani wa vitendo unampa alama aliyesimama, akasalimia, akajitambulisha, akaomba ridhaa, akanawa, akaandaa troli, akatenda na akaandika alichotenda. Wengi wanaanguka kabla hata ya kugusa mgonjwa, kwa sababu hatua zile walizisoma kimya. Mto uliovalishwa fulana ndiye mgonjwa, meza ndiyo troli, chekilisti iko kwenye kibanio, na mdomo unasema kila hatua kwa sauti. Majirani watasikia "Shikamoo bibi, mimi ni mwanafunzi muuguzi, naomba nikupime presha" mara kumi usiku mmoja. Watazoea.

Na bibi wa kweli wa chumba cha pili atakuja, hilo halina shaka, maana mtaa mzima utajua kuna nesi. Mpimeni kwa utaratibu wote: akae dakika 5 akiegemea, nyayo chini, miguu haijapishana, asiongee, mkono mtupu usawa wa moyo, kofu, yaani ule mkanda wa kupimia, isifungwe juu ya kanga wala kuwa ndogo kwa mkono mnene, kwa kuwa kofu ndogo huongeza presha isiyokuwepo. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, jaza kofu upepo mpaka yapotee, ongeza 30, kisha achia milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Mkiachia kwa pupa, namba ya juu inashuka na ya chini inapanda, na bibi anapewa presha ya mtu mwingine. Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, rudieni baada ya dakika 5. Ikibaki hapohapo na anaumwa kifua, kichwa kikali au anaona ukungu, apelekwe hospitali wakati huo. Dawa hamtoi, wala hamumwambii apunguze zile alizopewa.

Ubao mdogo mweupe uwe wa hesabu za dripu tu. Ml 1000 kwa saa 8, mpira wa matone 20 kwa ml: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, matone 42 kwa dakika. Fanya tatu kila siku bila simu. Gentamaisini ya mg 80 ndani ya ml 2, daktari ameandika mg 60: ml 1.5. Mpira wa matone 60 hauhitaji hata jasho, idadi ya ml kwa saa ndiyo matone kwa dakika.

Jina la mgonjwa lisifike nyumbani, si kwenye daftari la kesi wala kwenye picha ya faili iliyomo simuni. Watu wa Tanga wanajuana, na anayeletea chai mezani kwako anaweza kuwa shemeji yake.

Aliyetoka zamu ya usiku asifungue kitabu. Aoge, aweke kanga nzito dirishani, alale.

Fedha zikiwa haba, msinunue vyote kwa pamoja. Tangulieni na ndoo yenye mfuniko na sabuni, kisha saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kwa sababu pumzi huhesabiwa dakika nzima na simu haifai kushikwa kando ya mgonjwa. Baada ya hapo balbu, kiti, ubao mdogo. Meza ya fundi inaweza kungoja hadi mwezi wa pili. Kwa sasa ombeni ubao mpana, muulaze juu ya mafiga mawili ya tofali, mradi kimo kifike kwenye viwiko vyenu.