Jibu: Trafiki akikusimamisha Kibaigwa usiku

Mkuu, umeuliza ufanyeje trafiki akikupiga mkono Kibaigwa, barabara ya Dodoma–Morogoro, usiku. Washa indiketa ya kushoto, egesha nje kabisa ya lami, zima injini, washa taa ya ndani, mikono ibaki kwenye usukani. Leseni usiitafute chini ya kiti. Gizani askari hajui unachomoa nini. Iweke juu ya dashibodi kabla hujatoka Dodoma.

Salimia, uliza kosa. Ulizidisha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi? Chukua namba ya malipo, lipa kwa simu, ondoka. Unapinga? Sema taratibu kwamba utaenda mahakamani, siyo kufoka (hapo ndipo wengi wanaharibu). Noti ndani ya leseni usithubutu, mtoaji naye ana kosa. Ukiombwa rushwa, namba ya TAKUKURU, wazuia rushwa, ni 113.