Anza na hela ya kula

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje ili vijana wa kidato cha pili waone maana ya mlinganyo wa mstari. Usianze na x na y ubaoni. Anza na hela yao ya kula.

Kila mmoja ana shilingi 2,000. Chapati ni 500, andazi 200. Waache wabishane kwanza wanunue nini, ndipo uandike, c ikiwa idadi ya chapati na m ya maandazi: 500c + 200m = 2,000. Wachore grafu. Mstari utagusa chapati 4 upande mmoja na maandazi 10 upande wa pili. Katikati, anayetaka kumaliza hela bila chenji ana jibu moja tu: chapati 2, maandazi 5. Chini ya mstari kuna chenji. Juu yake ni kukopa.

Kwenye mteremko, yaani jinsi mstari unavyoshuka, utulie, usiharakishe. Ukiongeza chapati 2, umeyaacha maandazi 5. Darasani kwangu binti mmoja aliinua kichwa: "Kwa hiyo chapati tunailipia kwa maandazi?" Ndiyo hasa, mawili na nusu kwa kila chapati. Nilifurahi mno.

Kesho yake pandisha chapati iwe 1,000, wachore tena. Ncha ya maandazi haitasogea. Ya chapati itarudi kwenye 2.