Sweeney Todd usiku wa Halloween: jibu la mtoto wa kinyozi

Mkuu, umesema wenzako wa kazini hapo Uingereza wamekualika usiku wa tarehe 31 Oktoba mkatazame Sweeney Todd, muvi ya kinyozi muuaji, ile ya mwaka 2007, na una maswali matatu: damu yake ikoje, kwa nini watu wanaimba wakati wanauana, na kama unaweza kwenda na binti yako wa miaka tisa. Muvi hii nimeitazama zaidi ya mara kumi, na karibu kila msimu wa Halloween nairudia. Niruhusu niandike kirefu.

Naanzia kwa mtoto, maana hapo nilishakosea. Usimpeleke. Mwaka 2011 nilikuwa nakaa na dada yangu mjini Reading, huko huko Uingereza, na mwanawe alikuwa na miaka kumi. Dada yuko zamu ya usiku, watoto wa mtaa wamevaa vinyago wanagonga milango kuomba pipi, na sisi tulipochoka kuzunguka tukarudi ndani tukawasha muvi. Niliona sura ya mwigizaji Johnny Depp, nikaona na jina la mwongozaji Tim Burton, nikakumbuka ile yao ya kiwanda cha chokoleti, nikajua hii nayo ni ya familia. Alama ya 18, yaani walio chini ya umri huo wasiitazame, ilikuwa pale pale kwenye jalada, sikuiangalia. Wembe wa kwanza ulipopita kooni mwa mtu, mtoto hakulia. Alinyamaza, akashika shingo yake kwa mikono miwili, na hata nilipozima hakuiachia. Miezi minne alikataa kwenda kwa kinyozi, mama yake akawa anamkata nywele kwa mkasi bafuni. Nilimwomba radhi dada, nikamwomba radhi na mtoto mwenyewe, na mpaka leo nikilikumbuka linaniuma. Hiyo 18 waliyoiweka Waingereza iheshimu.

Mimi nilirudi kuitazama peke yangu baada ya wiki chache kwa sababu kuna kitu kilinigusa. Baba yangu alikuwa kinyozi Ngamiani, Tanga. Nimekua nikisikia wembe wa kukunja ukinolewa kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa kwenye msumari karibu na kioo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mteja anaegemea kichwa nyuma, anapakwa povu mpaka chini ya kidevu, halafu baba anaivuta ngozi ya shingo kwa kidole gumba cha kushoto na wembe unapita taratibu, ukitoa sauti ndogo kama mtu anayekuna karatasi. Baada ya kila mpito anaupangusa kwenye taulo lililo begani. Alikuwa akisema mteja akisinzia kitini, hiyo ni sifa kubwa kuliko pesa atakayolipa. Mtu mzima amekukabidhi koo lake na amelala.

Sasa hadithi yenyewe. Benjamin Barker ni kinyozi wa London, ana mke mzuri na mtoto mchanga. Hakimu Turpin anamtamani yule mke, anamzushia Barker kesi ya uongo, anampeleka uhamishoni Australia. Miaka kumi na tano baadaye anarudi kwa jina la Sweeney Todd, anakuta mke hayupo na binti yake, Johanna, amefungiwa nyumbani kwa hakimu yule yule. Chini ya chumba chake cha zamani kuna Bi Lovett, muuza pai ambaye biashara imemfia. Yeye ndiye aliyezificha nyembe zake za fedha chini ya mbao za sakafu miaka yote hiyo. Kinyozi anataka kisasi, muuza pai anakosa nyama. Hapo unaweza kukisia wanapoelekea, na ndiyo, wanafika.

Kuhusu damu: ni nyingi, na inaruka. Ila Burton ameifanya nyekundu ya kung'aa, karibu na rangi ya kupakwa, ilhali mambo mengine yote kwenye picha yamefifia: kijivu, bluu ya usiku, nyuso nyeupe kama za wagonjwa, ukungu na moshi. London ile ilijengwa studio, na kazi hiyo ndiyo iliyowapa Dante Ferretti na Francesca Lo Schiavo tuzo ya Oscar. Ukiwa unasikia watu wakitaja "gothiki" na hujui maana yake, hiyo ndiyo: nyumba yenye giza inayoficha dhambi ya zamani, na dhambi hiyo inarudi kwa miguu yake.

Swali lako la nyimbo ndilo kubwa. Watu wengi wanaitazama wakivumilia nyimbo ili wafike kwenye kutisha. Hapana, mkuu. Kutisha kwenyewe kuko ndani ya nyimbo, tena kwenye zile laini. Stephen Sondheim, aliyetunga muziki na maneno, alipenda tangu ujanani muziki wa filamu wa Bernard Herrmann, yule aliyefanya kazi na Hitchcock, mwongozaji wa filamu za kutisha, na alitaka vyombo visikuache upumue hata pale ambapo hakuna anayezungumza. Ndiyo maana muziki haukatiki sana, na kimya kikija unajikuta umekaza meno.

Chukua mahali ambapo Todd anakabidhiwa nyembe zake. Anazifungua kwenye kitambaa moja moja na kuziimbia kama mtu aliyekutana na ndugu zake. Nyuma ya bega lake Bi Lovett naye anaimba, wakati huo huo, kwamba yeye pia ni rafiki. Sauti mbili, mapenzi mawili, na mwanamume hamsikii kabisa mwanamke. Macho yako kwenye chuma. Hapo hakuna tone la damu, lakini mimi hapo ndipo niliposhikwa na baridi.

Halafu kuna "Pretty Women". Hakimu Turpin, aliyechezwa na marehemu Alan Rickman, anaingia dukani mwenyewe, anakaa, anaegemea. Todd anampaka povu. Wanaanza kupiga mluzi na kuimba pamoja kuhusu uzuri wa wanawake, polepole, kwa sauti za wanaume wawili walioridhika, huku wembe ukipita pale pale baba alipokuwa akipitisha wake. Nilimsimulia baba kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na huyo mteja alifumba macho?" Nikamwambia, karibu afumbe. Baba akasema, "Basi huyo mwandishi alikaa kwenye kiti cha kinyozi akafikiria." Sijasoma uchambuzi wowote ulionieleza ile sehemu vizuri kuliko hivyo.

Na wimbo wa Johanna, ule wa nusu ya pili, anaouimba Todd mwenyewe: baba anamkumbuka binti yake kwa upole, kama anayembembeleza, na mikono inachinja mteja mmoja baada ya mwingine, kiti kinainama, mwili unateremka chini kwenye chumba cha tanuri. Sauti haipandi hata kidogo. Angekuwa anapiga kelele ungeweza kumwita kichaa ukamaliza. Sisi tuliolelewa na taarabu hatupaswi kushangaa. Tanga ni nyumbani kwa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, tumekua tukisikia gitaa na sauti tamu vikibeba neno la kumchoma mtu aliyekaa safu ya mbele, na ukumbi mzima unatuza. Tunajua utamu wa sauti na uchungu wa neno vinaweza kukaa pamoja. Sondheim ameupeleka ujuzi huo mpaka kwenye mauaji.

Kidogo kuhusu chimbuko, kwa sababu wenzako huenda wakakwambia huyu kinyozi alikuwepo kweli. Hakuna ushahidi wa hilo. Alianza kusomwa mwaka 1846 kwenye hadithi ya kila wiki iliyouzwa kwa senti, iitwayo The String of Pearls, na huko alikuwa mwizi tu anayeua wateja awaibie. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwandishi wa tamthilia Christopher Bond ndiye aliyempa mke, kesi ya uongo na sababu ya kulia. Sondheim aliiona tamthilia hiyo London, na mwaka 1979 toleo lake la muziki likafunguliwa Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, likachukua tuzo 8 za Tony, tuzo kubwa za maigizo huko. Bila ile sababu ya Bond tungekuwa na jambazi mwenye wembe. Kwa kuwa ipo, unakaa kitini unamwonea huruma mtu ambaye ungepaswa kumkimbia, na hilo linachosha moyo kuliko damu.

Ukiwa na siku ya mapumziko London, pita Fleet Street, mtaa wa huyu kinyozi kwenye hadithi. Kuna kanisa la St Dunstan-in-the-West, lina saa ya mwaka 1671 yenye majitu mawili yanayogonga kengele, na hadithi inaliweka duka la kinyozi jirani yake, na duka la pai kwenye uchochoro wa Bell Yard. Nilisimama pale saa kumi na moja jioni mwezi Oktoba, giza linaingia, wafanyakazi wanakimbilia treni. Nilijishika shingo bila kukusudia.

Mambo machache ya kufanya siku yenyewe. Waombe wenzako wawashe maandishi ya chini, kwa sababu Kiingereza cha nyimbo hizi kinakwenda mbio na maneno yana maana mbili mbili, hasa pale Todd na Bi Lovett wanapopanga nani atakuwa pai ya namna gani. Kula kabla, na chakula kisiwe cha nyama ya kusaga. Kaa karibu na spika. Ni saa mbili kasoro dakika chache, msiikate katikati. Damu ikikushinda fumba macho, lakini masikio yaache wazi.

Na kuna mwanamke ombaomba anayezurura mtaani tangu mwanzo, watu wanamfukuza. Mwangalie kila anapopita. Mimi nilimwona vizuri mara ya tatu. Ukishatazama rudi hapa tuongee habari zake, sasa hivi siongezi neno, wapo wengine humu hawajaiona.