Asetonitrili imegeuka ethani: niandike nini ndani ya msimbo wa QR wa chupa?

SWALI: Hujambo mwalimu? Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa Kisumu. Tuna chupa 140 hivi za kemikali, na mkuu wa idara anataka kila moja ibandikwe msimbo wa QR, ili mwanafunzi akiuskani kwa simu aone muundo wa hiyo kemikali. Idara ina ukurasa wake wa kuchora miundo, kwa hivyo nilichukua anwani ya ukurasa huo, nikaiongezea SMILES ya kila kemikali mwishoni, nikachapisha michache ya kujaribu. Ethanoli ilitoka vizuri. Asetonitrili inaleta ethani! Kloridi ya sodiamu haileti chochote. Na hata pale inapokubali, nusu ya wanafunzi hawana bando. Nifanyeje kabla sijabandika zote?

JIBU: Ndugu fundi, umefanya vyema kujaribu michache kwanza. Simu haina kosa, printa haina kosa. Aliyekuchezea ni alama moja: #.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, SMILES ni njia ya kuandika molekuli kwa mstari mmoja wa herufi za kawaida. Ethanoli ni CCO: kaboni, kaboni, oksijeni, na haidrojeni hazitajwi kwa kuwa zinajulikana zilipo. Asetonitrili ni CC#N, ambapo # ni bondi tatu kati ya kaboni na naitrojeni. Sasa, kwenye anwani ya intaneti alama hiyohiyo ina kazi nyingine kabisa. Chochote kinachofuata # hubaki ndani ya simu, hakisafiri kwenda kwa seva. Seva yenu ikapokea CC, na CC ni ethani. Ilichora ilichoambiwa.

Chumvi nayo imeangukia shimo la jirani. SMILES yake ni [Na+].[Cl-], na seva nyingi zikiona + kwenye sehemu hiyo ya anwani huisoma kama nafasi tupu. Mabano yasiyofungwa vizuri, ayoni isiyo na chaji, mchoraji anakata tamaa. Dawa ya zote mbili ni kuziandika alama hizo kwa lugha ya anwani: # iwe %23, na + iwe %2B. Ukitaka kubaki na mpango wako wa sasa, rekebisha hayo tu na utaendelea.

Lakini mimi nisingebaki nao. Kuna kosa la tatu ambalo hujakutana nalo bado, na hilo ni baya kwa sababu halipigi kelele. QR ina namna kadhaa za kufungasha maandishi. Mojawapo inakubali herufi 45 pekee: tarakimu, herufi kubwa A hadi Z, nafasi, na alama chache kama kistari na mkwaju. Herufi mbili hubanwa ndani ya biti 11 badala ya 16, kwa hivyo msimbo unatoka mdogo. Mtu akiona hivyo hushawishika kugeuza kila kitu kuwa herufi kubwa. Benzeni huandikwa c1ccccc1, kwa herufi ndogo, maana udogo huo ndio unaosema kwamba pete ni ya kiaromati, yaani elektroni zake zinashirikiwa na pete nzima. Ikuze: C1CCCCC1. Hiyo ni saikloheksani. Mwanafunzi ataona pembesita safi kwenye skrini, atapiga picha, ataandika ripoti, wala hakuna atakayelalamika. Chupani mna benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu.

Ningekushauri ndani ya msimbo uweke InChIKey, tena bila anwani yoyote ya intaneti. Huu ni utambulisho wa herufi 27 uliotoka chini ya IUPAC, muungano wa kimataifa wa wanakemia, unatumika tangu 2007. Wa asetonitrili ni huu:

WEVYAHXRMPXWCK-UHFFFAOYSA-N

Utazame vizuri. Ni herufi kubwa na vistari tu, yaani zote zimo katika zile 45. Hakuna #, hakuna +, hakuna cha kugeuzwa. Uongeze nafasi na namba ya chupa, tuseme 087, upate herufi 31. Hizo zinaingia kwenye msimbo wa miraba 29 kwa 29, ukiwa na kiwango cha juu kabisa cha kujirekebisha, kile kinachostahimili kupotea kwa takriban asilimia 30. Ukichapisha kila kimraba kwa nusu milimita na kuacha ukingo mweupe wa vimraba vinne kila upande, lebo nzima haifiki sentimita mbili. Inakaa hata kwenye chupa ndogo.

Sitakuficha udhaifu wake. InChIKey ni kama alama ya kidole: ukiwa nayo peke yake huwezi kumchora mwenyewe, sharti uende kwenye daftari lenye majina. Daftari kubwa la bure ni PubChem la Marekani, lenye kemikali zaidi ya milioni 100, na linakubali kutafutwa kwa InChIKey. Ila hilo linakurudisha kwenye bando. Kwa chupa 140 tengeneza daftari lenu: jedwali moja lenye InChIKey, jina, mchoro, namba ya chupa, ukolezi, na tarehe ya kufunguliwa. Lihifadhi kwenye kompyuta ya maabara, na wanafunzi wapewe nakala waiweke kwenye simu mara moja tu mwanzo wa muhula. Mtu anaskani, ananakili, anatafuta ndani ya faili. Hakuna intaneti hapo. Namba ya chupa usiiache, kwa kuwa InChIKey haijui kama mnayo asidi ya asilimia 99 au ya asilimia 10.

SMILES ina nafasi yake bado. Kwenye bango la utafiti, au ukitaka kumtumia mwenzako molekuli nzima aichore mwenyewe, iweke ndani ya QR kama maandishi matupu. Kafeini ya chai ya Kericho, CN1C=NC2=C1C(=O)N(C(=O)N2C)C, ni herufi 28 tu.

Tahadhari moja kutoka kwetu Nakuru, tulikokua na pareto. Dondoo la pareto si kemikali moja. Lina sita zenye kuua wadudu: pairethrini I na II, sinerini I na II, jasmolini I na II. Ukilibandika InChIKey ya pairethrini I pekee umedanganya kuhusu tano nyingine. Chupa za mchanganyiko zipe namba tu, maelezo yakae daftarini. Na ukikuta pairethrini yenye sehemu ya kati UHFFFAOYSA, shtuka: hiyo inasema aliyechora hakuonyesha mpangilio wa atomu katika nafasi, yaani kipi kinaelekea mbele na kipi nyuma. Kwa asetonitrili ni sawa, haina mpangilio wa namna hiyo. Kwa pairethrini ni mchoro wa nusu.

Kuhusu uchapishaji: lebo ya printa ya wino wa majimaji idondoshee maji tone moja uone vimraba vinavyokimbiliana hadi vinakuwa wingu. Karatasi ya joto, ile ya risiti za supamaketi, ni mbaya zaidi, kwani ethanoli ikiigusa inaweza kugeuka nyeusi. Tumia printa ya leza, kisha funika kwa utepe angavu. QR ilibuniwa 1994 na Denso Wave ya Japani kufuatilia vipuri vya magari viwandani, kwa hivyo grisi na mikwaruzo inavivumilia, lakini wino ulioyeyuka hauna rekebisho.

Epuka pia tovuti za bure zinazokutengenezea msimbo na kuweka ndani anwani yao fupi badala ya maandishi yako. Mimi niliwahi kubandika rafu nzima, na wiki chache baadaye kila chupa ikawa inafungua ukurasa wa kunidai pesa. Nilizibandua kwa wembe. Ukiskani na kuona chochote tofauti na ulichoandika, usichapishe.

Jina la kemikali na alama za hatari zibaki kwa maandishi makubwa palepale kwenye chupa. Anayemwagikiwa mkononi hatafuti simu.

Ukimaliza, anza na hiyo asetonitrili. Iskani kwa simu ya bei ya chini kuliko zote utakayopata kwa wanafunzi, bando likiwa limezimwa, ulinganishe herufi 27 na daftari moja baada ya nyingine.