Jibu: Tairi za trekta zinazunguka tu kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa

Ndugu, umeuliza kama uongeze vyuma vya uzito nyuma. Hapana, bado. Mfinyanzi uliolowa hujaa kati ya meno ya tairi hadi tairi inakuwa kipara. Uzito zaidi utaididimiza tu na kushindilia udongo wako. Anza na upepo wa tairi: upunguze, ila usishuke chini ya kiwango cha mtengenezaji kwa mzigo huo.

Kisha pima. Weka alama ya chaki kwenye tairi, hesabu mizunguko 10 ukilima, halafu pita umbali uleule jembe likiwa juu, ukihesabu tena. Ukipata 8.5, mtelezo (tairi kuzunguka bila kusogea mbele) ni 15%, unavumilika. Ukipata 7 ni 30%: punguza kina cha jembe, au subiri shamba likauke.

Kwenye jaruba lenye maji, funga magurudumu ya chuma.