Jibu: Warsha ndogo inamfaa asiyejua kuchora?

Ndugu yangu, umeuliza kama warsha ya watu sita au saba inamfaa mtu asiyewahi kuchora. Inafaa sana, usiogope. Kwenye kundi dogo mwalimu husimama begani mwako na kukuonyesha mstari ulipopinda papo hapo, kabla mkono haujazoea kosa.

Anza na penseli, lakini usisubiri uwe fundi ndio uguse rangi. Chora mistari kwa krayoni ya nta, kisha pitisha rangi ya maji juu yake: nta huyakataa maji, rangi inajikusanya pembeni na mstari unabaki unang'aa. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilishindwa kuondoka mezani. Karatasi iwe nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba; nyepesi hujikunja ikilowa, hasa ukibandika vipande vya magazeti.

Hili lishike: rangi ya mafuta hupakwa juu ya akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) iliyokauka, si kinyume chake. Akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta, mwishowe hubanduka.

Na kabla ya kujiandikisha, uliza kama mwalimu huwaacha wanafunzi wakosee wenyewe kwanza. Anayekunyang'anya brashi ili akumalizie picha, huyo hakufai.