Kabla Hujapanda Pareto

Baada ya kueleza hapa malipo niliyopata msimu huu, msomaji mmoja aliniuliza kama ekari zake za Kibaha, kwenye joto la Pwani, zingefaa kwa pareto. Nilimjibu kwamba hazifai, naye akaona namnyima riziki. Pareto ni ua la jamii ya alizeti lililoota lenyewe katika vilima vya mawe vya Dalmatia, pwani ya Kroatia, na mpaka leo linadai baridi: usiku ukiwa wa joto, mmea hunawiri majani bila kutoa vitumba. Huku Umalila, nyanda za juu za Mbeya, tunalima juu ya mita 1,800, ambako mwezi wa Juni watu huota moto kabla ya kunawa uso. Kibaha panda mihogo.

Mimi nilirithi shamba la mashina machovu ambayo ndugu zangu walitaka niyang'oe nipande viazi. Niliyachimbua yaliyokuwa na afya, nikayagawa na kuyapanda upya mvua zilipoanza, kwa kuwa pareto iliyotunzwa huchumwa kwa miaka mitatu au zaidi. Habari za palizi siziandiki, hazina ladha. Walionicheka sasa huja kuniomba vipando, nami huwapa, ingawa namkumbuka vizuri aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Bei hufuata kiwango cha sumu, na sumu hiyo inayoua wadudu hukaa hasa katika vijimbegu vilivyo ndani ya kichwa cha ua, si katika petali nyeupe wala kikonyo. Mnunuzi mmoja aliwahi kunishushia daraja mbele ya majirani bila kupima chochote, jambo ambalo bado linaniuma, na ndilo lililonifanya niwe mkali kwa wachumaji wangu. Chuma petali zikiwa zimelala, bapa kama sahani. Ua changa halijajaa. Usichume kukiwa na umande. Usirundike maua mabichi katika gunia, kwa maana hupata joto na kuoza. Yatandaze siku hiyohiyo, tabaka jembamba.

Vijana wenzangu, tuache tamaa ya uzito. Anayechuma na vikonyo ili mizani ipande anajishushia sumu mwenyewe, kisha analalamika kwamba ameibiwa. Tena maua yakishakauka yapelekwe upesi, kwa sababu sumu hupungua kadiri yanavyokaa ghalani yakingoja bei, nami sijaona bado mzigo wa mwaka uliopita ukipewa daraja la kwanza.